Ukimya Kazini na Gharama Yake kwa Mwananchi

Matini ya mada iliyotolewa mbele ya wakuu wa idara, wasimamizi wa wadi, maafisa wa afya ya umma na wauguzi wasimamizi wa zahanati na vituo vya afya vya kaunti

Wapo waliosafiri tangu alfajiri kwa bodaboda na matatu, na wapo waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja. Mada hii haitaanza na nadharia. Itaanza na friji.

Chukulia zahanati ya wadi iliyo mbali na barabara ya lami. Ina friji moja ya chanjo. Chanjo hizo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, na joto lake huandikwa kwenye chati asubuhi na jioni. Ijumaa usiku umeme unapotea. Jumamosi asubuhi mfagiaji anaingia kusafisha na kuona kipimajoto kinasoma 14. Yeye si muuguzi. Kazi yake ni ufagio na ndoo. Muuguzi msimamizi ameenda mazishini. Mfagiaji anakumbuka kwamba mwaka jana mlinzi aliyeripoti bomba lililopasuka aliambiwa alilipie, kwa kuwa lilipasuka wakati wa zamu yake. Basi anafunga mlango wa friji, anapiga deki na kwenda zake. Jumapili jioni umeme unarudi. Jumatatu asubuhi kipimajoto kinasoma 5, chati inajazwa vizuri kabisa, na akina mama wamekwisha panga foleni na watoto mgongoni.

Wauguzi watasema kwamba kwenye chupa ya chanjo kuna kibandiko kinachobadilika rangi kikipata joto. Ni kweli. Lakini kibandiko nacho kinahitaji mtu mwenye sababu ya kukitazama kwa makini, asubuhi yenye foleni inayofika hadi langoni.

Mfano huu ni wa kutunga. Hakuna zahanati inayosemwa hapa, na aliyeanza kukisia jina aache. Lakini hakuna hata mmoja ukumbini anayeweza kusema kwamba jambo kama hilo haliwezekani. Mfagiaji huyo si mtu mbaya wala si mvivu, na hakusoma kipimajoto vibaya. Alikuwa na habari iliyohitajika na zahanati nzima, akapiga hesabu, akaona kunyamaza ni nafuu. Hesabu yake ndiyo iliyoletwa hapa leo, kwa sababu watafiti wa vyuo vya biashara wameifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30, na waliyoyapata yanaihusu serikali ya kaunti kuliko yanavyozihusu kampuni walizozichunguza.

Matokeo yaliyokuja kichwa chini

Mmoja wa watafiti hao ni Amy Edmondson, profesa wa Shule ya Biashara ya Harvard nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa bado anasomea shahada ya uzamifu, alijiunga na kundi lililokuwa likichunguza makosa ya dawa hospitalini: mgonjwa kupewa dozi isiyo yake, dawa kuchelewa, dawa kuchanganywa. Walichunguza wodi nane katika hospitali mbili. Wauguzi wachunguzi walipita wodini kwa miezi kadhaa kukusanya makosa. Kazi ya Edmondson ilikuwa nyingine. Aliwapa wahudumu hojaji ya kupima jinsi wanavyofanya kazi pamoja: je, wanasaidiana, kiongozi wao anasikiliza, kazi inapangwa vyema?

Alitarajia kile ambacho yeyote angetarajia. Wodi yenye umoja na kiongozi mzuri ingekuwa na makosa machache. Wodi ya magomvi ingekuwa na mengi. Alipoweka takwimu za pande mbili kwenye kompyuta, zilikuja kinyume. Wodi zilizopata alama za juu kwa ushirikiano ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi.

Mtafiti mchanga anayetaka kumaliza shahada yake angeweza kuitupa karatasi hiyo. Edmondson alijiuliza swali jingine: je, kama wodi nzuri hazikosei zaidi, ila husema zaidi? Akamtuma msaidizi wa utafiti aende kukaa katika wodi hizo, aangalie na kuhoji, bila kuambiwa wodi ipi ilikuwa na makosa mangapi wala Edmondson alikuwa akiwaza nini. Msaidizi alirudi na picha ya wodi zilizotofautiana kama usiku na mchana. Katika baadhi yake kosa lilizungumzwa siku hiyo hiyo, kiongozi akiwa anafanya kazi bega kwa bega na wenzake. Katika nyingine wauguzi walijihisi kama wameshtakiwa mahakamani kila kitu kilipoharibika, na kila mmoja akajifunza kujilinda. Msaidizi alipozipanga wodi kwa uwazi wa mazungumzo, mpangilio wake ulikaribiana sana na ule wa makosa yaliyoripotiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana jambo hili linagusa jinsi kaunti inavyopima kazi. Robo ya mwaka inapokwisha, ripoti za vituo hufika makao makuu. Kituo kimoja kimeandika matukio 11: dawa iliyokosewa, mama aliyecheleweshwa rufaa, sampuli iliyopotea njiani. Kituo cha pili kimeandika sufuri. Nani atapongezwa? Nani ataitwa ofisini? Mkuu wa idara anayempongeza mwenye sufuri bila kuuliza swali la pili anavifundisha vituo vyote vingine namna ya kuandika ripoti. Robo itakayofuata sufuri zitakuwa nyingi, mkataba wa utendakazi utapendeza, na wagonjwa watakuwa walivyokuwa, au wameharibikiwa zaidi. Huenda mwenye sufuri ni hodari kweli. Huenda ana wauguzi wanaomwogopa. Karatasi peke yake haiwezi kutofautisha.

Mwaka 1999 Edmondson alichapisha utafiti mwingine, safari hii juu ya timu 51 za kampuni moja ya kutengeneza bidhaa, na humo alilieleza wazo lake kwa ukamilifu. Alilipa jina ambalo kwa Kiswahili ni usalama wa kisaikolojia. Ni jina zito kwa jambo jepesi kueleweka: watu wa timu moja kuamini kwamba hakuna atakayeaibishwa au kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa, kuomba msaada au kumwambia mkubwa kwamba hapa pana hatari. Si upole, na wala si kuchekeana. Wapo wanaochekeana kila siku kwenye chai, na hakuna hata mmoja kati yao anayethubutu kusema kwamba mashine ya kuongeza oksijeni haijafanya kazi tangu mwezi uliopita.

Simu zilizojaa mifukoni

Asiyeguswa na habari za hospitali za Marekani akumbuke simu yake ya kwanza. Kwa wengi nchini ilikuwa Nokia, ile yenye tochi iliyopewa jina la mulika mwizi, iliyoanguka chini ikaokotwa na kuendelea kuita. Mwaka 2007 kampuni hiyo ya Ufini ilikuwa ikiuza zaidi ya thuluthi moja ya simu zote duniani. Mwaka huo huo Apple ya Marekani ikatoa iPhone. Kufikia Septemba 2013 Nokia ilitangaza kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, na Aprili 2014 mauzo yakakamilika.

Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini na Quy Huy wa shule ya biashara ya INSEAD, walitaka kujua yaliyotokea ndani. Walifanya mahojiano 76 na wakubwa wa kampuni, mameneja wa ngazi ya kati, wahandisi na wataalamu wa nje, kisha wakachapisha utafiti wao mwaka 2016. Walichokuta ni hofu za aina mbili zilizoishi katika jengo moja bila kukutana. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa wao.

Mambo yalikwenda hivi. Wakubwa walijua kwamba iPhone ni hatari, lakini hawakuwaeleza walio chini uzito wote wa hatari hiyo. Waliwasukuma tu: harakisheni, leteni simu mpya, fikisheni lengo. Mameneja nao walijua kwamba programu iliyoendesha simu zao, Symbian, ilikuwa imezeeka na haiwezi kushindana. Lakini aliyeleta habari mbaya alikumbana na ukali, na aliweza kuonekana hana moyo wa kazi. Wakanyamaza, au wakaahidi yasiyowezekana. Wakubwa wakapokea ahadi hizo, wakaamini mambo yako sawa, wakaongeza shinikizo. Kwa kuwa wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kina wa programu, hawakuwa na njia yao wenyewe ya kutambua kwamba wanadanganywa kwa adabu. Fedha na watu vikaelekezwa kwenye simu za msimu unaofuata, na ile kazi ndefu ya kujenga programu mpya ikadhoofika.

Ni haki kusema kwamba hofu haikuiangusha Nokia peke yake. Apple na Google walikuja na nguvu ambazo huenda zingeishinda hata kampuni yenye mazungumzo mazuri kuliko zote. Thamani ya utafiti huu iko kwingine. Kampuni ile ilikuwa imejaa wahandisi wa hali ya juu, na yaliyokuwa yakiharibika yalijulikana na watu waliolipwa mshahara humo humo ndani. Hayakupanda ngazi.

Sasa iondoe simu, weka barabara ya wadi au ujenzi wa wodi ya wazazi. Fundi mkuu anajua kokoto zilizoletwa si zile zilizoandikwa kwenye mkataba. Msimamizi wa ujenzi anajua kwamba fundi anajua. Afisa anayeandika ripoti ya maendeleo amesikia. Tarehe ya uzinduzi imekwisha pangwa, mahema yamelipiwa. Nani atakwenda kusema? Kampuni ikinyamaza inapoteza soko, na mnunuzi anakwenda kununua simu nyingine. Mama mjamzito wa wadi ya mbali hana kaunti nyingine ya kununua. Ndiyo maana utafiti uliofanywa kwa ajili ya wafanyabiashara unaishtaki ofisi ya umma kwa ukali zaidi.

Kwa nini watu wazima hunyamaza

Mwaka 2011 James Detert pamoja na Edmondson walichapisha uchunguzi wa imani ambazo wafanyakazi huwa nazo kuhusu kusema kazini, imani ambazo mtu hajafundishwa na mtu yeyote lakini anazifuata kama sheria. Walikuta tano zinazojirudia. Ukikosoa utaratibu, mkubwa aliyeuweka atajiona amekosolewa yeye. Usiseme mpaka uwe na ushahidi kamili au suluhisho mkononi. Usimruke mkubwa wako kwenda kwa mkubwa wake. Usiseme jambo mbele za watu likamwaibisha mkubwa. Na mwisho, anayesema huharibu kazi yake.

Uchunguzi huo ulifanywa Marekani, nchi ambayo karani humwita mkurugenzi kwa jina lake la kwanza. Nchini Kenya imani hizo zina mizizi mirefu zaidi. Mtoto hulelewa asimkatize mzee, na malezi hayo ni mazuri. Tatizo linakuja pale daktari wa miaka 29 anapokuwa mzee kwa sababu ya koti jeupe, na mkunga mwenye miaka 25 ya kazi anakuwa mtoto. Na adhabu ya anayesema ina sura mbili zinazojulikana na kila mtumishi. Ya kwanza ni barua ya kutakiwa kujieleza. Ya pili ni uhamisho, ule unaokuja bila maelezo, kwenda kituo ambacho hata matatu hufika mara moja kwa siku, watoto wakiwa katikati ya muhula.

Katiba ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili. Ibara ya 236 inakataza afisa wa umma kuonewa au kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na Katiba au sheria. Ibara ya 232 inataja, miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma, uwazi na kutoa habari kwa wananchi kwa wakati na kwa usahihi. Lakini mfagiaji wa ile zahanati hakuipima Ibara ya 236 alipofunga friji. Alilipima bomba la mlinzi.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa. Kwa haki ingeelekezwa pia kwa waliomfanya aone haya kuyataja.

Karatasi inayosemeshwa, na karatasi inayojazwa tu

Kuna mfano wa karibu na nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane za nchi nane. Mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na Manila. Orodha ina vipengele 19. Kabla ya dawa ya usingizi, timu inathibitisha jina la mgonjwa, upasuaji anaofanyiwa na mahali pa kupasua. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kwa nini kutaja jina kuwe sehemu ya tiba? Kwa sababu aliyefungua kinywa mara moja ni rahisi kukifungua tena. Muuguzi aliyesema jina lake mbele ya daktari bingwa anaweza, dakika 20 baadaye, kusema kwamba hesabu ya vitambaa haijakamilika. Mapema mwaka 2018 nchi hii ilishtushwa na habari za mgonjwa aliyepasuliwa kichwa katika hospitali kubwa ya rufaa, kumbe aliyestahili kupasuliwa ni mwingine. Wahudumu kadhaa walisimamishwa kazi mara moja. Mjadala redioni ulikuwa mmoja: nani alaumiwe? Ni swali halali. Lakini mgonjwa hupitia mikono mingi kabla ya kulala mezani, na swali la ni wapi kati ya mikono hiyo mtu angeweza kusema "ngojeni kwanza" halikupata hata robo ya muda huo.

Kabla ya idara yoyote kukimbilia kuchapisha orodha mpya, isikilize upande wa pili. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliamuru hospitali zake zitumie orodha za aina hiyo. Watafiti walipochunguza hospitali 101 na kuchapisha matokeo mwaka 2014, hawakukuta kupungua kwa maana kwa vifo wala madhara. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba orodha inayoletwa kwa amri inaweza kujazwa bila kusemwa, na karatasi iliyojaa alama za ndiyo haimsaidii mgonjwa ikiwa hakuna aliyeuliza na hakuna aliyejibu. Kaunti inazipenda fomu. Zipo fomu za kuomba fomu. Tahadhari hii ni ya lazima.

Kinachobadilisha mambo ni mwenendo wa aliye juu. Edmondson na wenzake walizifuatilia hospitali 16 zilizokuwa zikijifunza njia mpya ya upasuaji wa moyo, ambayo hupitia tundu dogo kati ya mbavu badala ya kupasua kifua chote. Kwa njia hiyo daktari haoni kila kitu kwa macho yake. Anategemea wanaosoma mashine wamwambie. Hospitali zilizojifunza haraka hazikuwa lazima zile kubwa au zenye madaktari maarufu. Zilikuwa zile ambazo daktari mkuu aliwaambia wenzake wazi kwamba hawezi kufanya kazi hii bila wao, akawachagua kwa makini, akafanya nao mazoezi, na aliposemeshwa katikati ya upasuaji akasikiliza.

Na kuna kisa cha Julie Morath, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa hospitali ya watoto ya Minneapolis mwishoni mwa miaka ya 1990. Alipoanza kusema kwamba hospitali ina hatari, watu walimkatalia: makosa yako kwingine, si hapa. Hakubishana nao. Aliwauliza wakumbuke wiki iliyopita na wagonjwa wao: je, kila kitu kilikuwa salama kama walivyotaka kiwe? Swali hilo halikumwita mtu mkosaji. Lilimchukulia kama mtu anayejali na aliye na macho. Watu wakaanza kuja ofisini kwake mmoja mmoja kusimulia, mpaka ofisi ikawa kama kitubio. Pamoja na swali hilo aliweka utaratibu wa kuripoti bila lawama. Bila utaratibu huo, waliosimulia wangejuta.

Je, wakosaji waachwe?

Swali hili huulizwa kila mahali mada kama hii inapotolewa, na mara nyingi huulizwa na watu wenye sababu nzuri. Mwananchi anayeona dawa za kituo cha umma zikiuzwa kwenye duka la mtu hataki kusikia habari za usalama wa kisaikolojia. Ana haki. Anayeiba dawa, anayekuja zamu amelewa, anayemtukana mama aliye katika uchungu, anayeghushi saini, hao wana sheria yao na kamati yao ya nidhamu. Hakuna mtafiti aliyeandika kwamba wasameheke.

Tatizo ni ukubwa wa neti. Edmondson ameeleza kwamba huwauliza wakuu wa taasisi ni makosa mangapi kati ya yanayotokea kwao yanastahili lawama kweli. Huwa wanakadiria asilimia 2 hadi 5. Anapowauliza ni mangapi hushughulikiwa kana kwamba yanastahili lawama, hujibu asilimia 70 hadi 90. Hayo ni makadirio ya wakuu wenyewe na si kipimo cha maabara, lakini ni ungamo la ajabu. Neti iliyotupwa kwa ajili ya samaki wanne inarudi na themanini, na wale wanne wa kweli wanajificha katikati ya wengine vizuri kuliko walivyokuwa baharini. Mwizi wa dawa hupenda sana kituo ambacho kila mtu ana jambo dogo la kuficha. Hapo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Upande wa wananchi hauwezi kusahaulika. Sheria inaitaka kaunti iwashirikishe watu katika mipango na bajeti, na barazani watu hufika, husikiliza, hupiga makofi, hunywa soda. Mara ngapi mama amesimama barazani kusema kwamba alifukuzwa kliniki, akakatizwa na afisa anayemweleza mafanikio ya idara? Afisa huyo hajazoea kusikia neno gumu kutoka kwa mfagiaji wake, ataanzaje kulisikia kutoka kwa mgeni? Mlango uliofungwa ndani ni ule ule uliofungwa nje. Na wananchi nao wasijitoe: umati unaodai afisa afukuzwe siku ile ile aliyokiri kosa unawafundisha maafisa wengine mia moja kutokiri.

Friji, mara ya pili

Basi irudiwe ile Jumamosi. Mfagiaji ameona 14. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi yenye namba mbili za simu, ya muuguzi msimamizi na ya afisa wa chanjo wa kaunti ndogo, na chini yake imeandikwa kwamba yeyote anayeona joto limepita 8 apige, awe nani awe. Anapiga. Muuguzi anapokea akiwa mazishini, pembeni ya hema, sauti ya mhubiri ikisikika nyuma yake.

Yote yaliyosemwa leo yako katika sekunde kumi zinazofuata. Muuguzi anaweza kuuliza, "Nani aliacha friji hivyo?" Au anaweza kuuliza, "Sasa hivi inasoma ngapi, na masanduku ya baridi yako wapi?" Swali la kwanza litajibiwa "sijui," na hiyo itakuwa simu ya mwisho kutoka kwa mfagiaji huyo. La pili litazihamisha chanjo kabla ya saa sita mchana, na Jumatatu chupa zitakaguliwa kibandiko kimoja kimoja kabla mtoto wa kwanza hajachomwa. Baadaye wiki hiyo kuna muda wa kutosha kuuliza kwa nini jenereta haina mafuta, na swali hilo pengine halitaishia kwa mfagiaji wala kwa muuguzi. Pengine litapanda hadi makao makuu, kwenye hati ya malipo iliyokaa juu ya meza ya mtu tangu mwezi wa nne.

Wasimamizi walioko hapa wanaombwa jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi: kila mkutano wa wiki uanze na swali la Morath, kwa lugha ambayo mfagiaji na mlinzi wanaielewa, na mkubwa awe wa kwanza kulijibu kwa jambo lililomshinda yeye mwenyewe. Wiki ya kwanza watu watatazama sakafu. Ya pili pia. Wakuu wa idara nao wanaombwa, robo hii ikifungwa, wavitembelee kwanza vituo vilivyoandika sufuri, waende bila msafara, wakae.

Chai iko tayari nje. Kwenye kila kiti pameachwa karatasi tupu isiyo na mahali pa jina wala kituo. Anayejua jambo ambalo ofisi yake inapaswa kulijua na halijui, aliandike. Sanduku liko karibu na mlango, na litafunguliwa saa nane mchana humu humu ukumbini, mbele ya wote.